Siku moja peke yako katika mto Yukon: kutoka Lower Laberge hadi Hootalinqua

Mtu aliye peke yake mtoni ana kitu kimoja ambacho hapaswi kukipoteza, nacho ni mtumbwi. Chakula kimo humo, hema limo humo, nguo kavu zimo humo. Mkiwa wawili, mmoja akitumbukia mwenzake atageuza chombo amfuate. Ukiwa peke yako, mtumbwi ukishachukuliwa na mkondo hakuna wa kuukimbilia ila wewe, kwa miguu, katika msitu usio na njia. Hatua zote nilizoandika hapa zinaliangalia hilo moja: wewe na chombo chako msitengane, tangu unapofungua kamba asubuhi hadi unapoifunga jioni.

Njia yenyewe ni kipande cha mto Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada. Mto unatoka katika ziwa Laberge, ziwa refu la kilomita 50 hivi, ukateremka maili 30 mpaka unapokutana na mto Teslin, mahali paitwapo Hootalinqua. Kwa sababu ya hizo maili, kipande hicho kinaitwa Thirty Mile. Ni kilomita 48, na tangu 1991 kimo katika orodha ya mito ya urithi ya Kanada. Wasafiri wengi huanzia mji wa Whitehorse, wakalivuka ziwa kwa siku mbili au tatu, kisha wakaendelea hadi Carmacks au mpaka Dawson City. Nimeichagua siku hii moja katikati ya safari kwa sababu maji yake ni mepesi kuyasoma, mazuri kuyatazama, na yana kasi isiyokusubiri ukikosea. Maporomoko makubwa hayapo. Hatari za hapa ni tatu: kasi, baridi na miti.

Nimekulia Pangani, pale mto unapoingia baharini, na mtumbwi niliujua kabla ya baiskeli. Hata hivyo, mto huu ulinifundisha upya. Pangani maji yakipwa unakaa unasubiri yajae, na ulichokisahau juu unaweza kukirudia. Yukon haina kujaa wala kupwa. Inakwenda upande mmoja tu, na ulichokipita umekipita.

Neno moja kwa ndugu walioko nyumbani: msichukue hatua hizi mkazipeleka Rufiji au Kilombero. Kule kuna viboko na mamba, na mtu mmoja katika chombo kidogo hana kinga kiboko akiinuka chini yake. Mto wenye viboko uendee na mwenyeji anayejua wanakolala, tena katika chombo kikubwa.

Kabla ya siku yenyewe

Usije huku peke yako kama bado hujaweza mambo matatu: kwenda moja kwa moja huku ukipiga kafi upande mmoja tu, kuvuka mkondo bila kuteremshwa mbali, na kuufikisha ukingoni mtumbwi uliojaa maji. Jifunze karibu na watu, kwenye maji ya pole, na jambo la tatu ulifanye kwa kupinduka kwa makusudi mara kadhaa.

Sheria ya Kanada inataka kila mtumbwi mdogo uwe na jaketi okozi kwa kila mtu, kamba inayoelea ya mita 15, kopo la kutolea maji chomboni na filimbi. Hivyo ni vya kisheria. Kwa anayesafiri peke yake ninaongeza kafi la pili lililofungwa mahali unapoweza kulichomoa kwa mkono mmoja, kamba mbili za mita 6 au 7, moja omoni (ncha ya mbele) na moja tezini (ncha ya nyuma), na kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe na kuomba msaada. Simu ya kawaida haishiki huku. Ukishaliacha eneo la Whitehorse, sahau mtandao hadi Carmacks.

Mwachie mtu ratiba yako kwa maandishi: wapi utalala, siku gani, na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Mimi humwachia mdogo wangu wa kike. Mwaka wa kwanza aliniuliza, “Kaka, ukichelewa kidogo nikusubiri?” Nikamwambia asisubiri hata kidogo, saa niliyoiandika ikipita, awapigie polisi. Yule unayemwachia ratiba lazima awe mtu asiyeona haya kupiga simu.

Saa kumi na moja asubuhi: amka upepo ukiwa umelala

Hesabu yetu ya saa inatokana na jua la ikweta, linalochomoza na kuchwa karibu wakati uleule mwaka mzima. Huku mwishoni mwa Juni jua linachomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuchwa saa tano na nusu usiku, na hata hapo giza la kweli haliingii. Usitegemee macho yakuambie ni saa ngapi. Vaa saa mkononi na ulale kwa saa hiyo, la sivyo utapiga kafi mpaka mwili uishe nguvu huku ukidhani bado ni alasiri. Nimewahi kufika kambini saa nne usiku nikiwa na hakika kuwa ni jioni ya kawaida, mikono ikitetemeka, hata kufunga fundo nikashindwa. Mtu aliyechoka namna hiyo ndiye anayesahau kamba.

Kambi ya Lower Laberge iko pale ziwa linapogeuka mto. Kuna mabaki ya kituo cha zamani cha telegrafu, yaani simu ya maandishi ya waya, na ubavu wa meli ya mvuke Casca ya kwanza umelala ukingoni. Vitazame, usichukue hata msumari. Kisha nenda kwenye maji na usimame kimya kama dakika tano. Tazama ziwa: kama lina povu jeupe, upepo umeshaamka na utakusindikiza au utakupinga. Tazama ukingo wa mto: kama jana uliweka jiwe mpakani mwa maji, leo utajua mto umepanda au umeshuka. Mto uliopanda usiku hubeba magogo.

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote dakika moja kamili. Yanaonekana safi kama ya chupa, kwa sababu ziwa limeshachuja matope yote, lakini biva (mnyama wa majini anayeguguna miti) na wanyama wengine wanaishi humo na vijidudu vyao havionekani kwa macho. Kula chakula kizito. Mimi hula uji wa shayiri wenye siagi ya karanga, na chai ya tangawizi ninaitia katika chupa ya kuhifadhi moto. Chupa hiyo haifungwi ndani ya mzigo; inakaa karibu na goti, maana siku ukilowa ndiyo dawa ya kwanza.

Kupakia: farumi iwe chini, na omo isiinuke

Hapa wengi wanaosafiri peke yao wanakosea. Mtumbwi wa kukodi Whitehorse kwa kawaida ni wa watu wawili, una mita 5 hivi. Ukikaa kiti cha nyuma kama kawaida, omo inapaa juu na upepo mdogo tu unaizungusha kama jani. Fanya hivi: kama ncha zake mbili zimefanana, geuza mtumbwi. Kaa kiti cha mbele huku ukitazama tezi, ili iliyokuwa tezi iwe omo yako. Sasa uko karibu zaidi na katikati. Baada ya hapo panga mzigo mzito mbele yako. Pipa la chakula la lita 60 ndilo farumi yangu, uzito wa kukituliza chombo. Linalala chini kabisa, katikati ya upana, kama mita moja na nusu mbele ya magoti.

Sukuma mtumbwi kwenye maji tulivu, panda, utazame. Unatakiwa ukae sawa, au tezi ichovye kidogo kuliko omo, kama upana wa vidole viwili. Upepo ukitoka mbele, sogeza mzigo mbele kidogo. Ukitoka nyuma, rudisha. Kama unalala upande mmoja, usiseme utauzoea: shuka, upange upya. Chombo kilichopangwa vibaya huenda mrama siku nzima.

Watu hubishana kama mzigo ufungwe au uachwe huru. Maoni yangu ni haya: ukiwa peke yako, funga, na ufunge kwa kukaza. Mifuko isiyopitisha maji iliyokazwa ndani ya mtumbwi inachukua nafasi ya maji, hivyo mtumbwi ukipinduka unaelea juu zaidi na unavutika kwa urahisi. Mfuko unaoning'inia kwa kamba ndefu ni mtego wa miguu. Usiache hata kimoja.

Nawe usijifunge. Nimesema msitengane, lakini kamba iliyofungwa mwilini mwa mtu na kwenye chombo kinachokwenda na mkondo ni kitanzi. Mtumbwi unashikwa kwa mkono, na mkono unaweza kuachia.

Ndani ya mifuko ya jaketi okozi weka vile ambavyo vingekuwezesha kuishi usiku mmoja bila mtumbwi: kiberiti cha gesi na njiti ndani ya kichupa kisichopitisha maji, kisu, filimbi, kifaa cha setilaiti, peremende mbili tatu, na kitambaa chembamba cha kukinga upepo. Dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu iwe kiunoni au kifuani. Vitu hivi havitoki hapo hadi jioni, hata ukishuka kujisaidia. Nguo za mwilini ziwe za sufu au za nyuzi za kiwandani. Pamba ikilowa haikaushwi na joto la mwili, na maji ya hapa ni ya baridi hata Julai.

Saa moja na nusu: kuondoka

Kunja kamba ya omo na ya tezi vizuri, uzichomeke chini ya kamba ya mpira iliyo juu ya ncha za mtumbwi, zisianguke majini wala zisilale miguuni. Ingiza mguu katikati, shika kingo zote mbili, piga magoti. Ndiyo, piga magoti, weka godoro dogo chini yake. Ukipiga magoti uzito unashuka na mapaja yanaushika mtumbwi. Kwenye maji mapana ya pole utakaa kitini, lakini saa mbili za kwanza hapa ni za magoti.

Utaona mara moja kwamba mto unakuchukua. Maji ni ya kijani kibichi yenye ubuluu, changarawe inapita chini yako kama unaitazama kutoka dirisha la basi. Usishangilie kwa kuongeza kasi. Kazi ya kafi katika mto kama huu ni kuchagua njia; kusukuma, mto unasukuma wenyewe. Piga kafi mbele, na mwisho wa kila pigo geuza kiganja ili uso wa kafi uelekee nje, usukume maji kidogo kando ya tezi. Pigo hilo moja linakwenda mbele na linanyoosha chombo, nawe huhitaji kubadilisha upande kila mara. Ukienda polepole hivyo, pamoja na mkondo, utapata kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Kilomita 48 zinaisha kwa saa tano au sita za majini, na siku ni ndefu. Hakuna cha kukimbilia.

Kusoma mapindo na miti

Manahodha wa meli za mvuke walikiogopa kipande hiki kuliko sehemu nyingi za mto. Mwaka 1936 meli ya SS Klondike iligonga humu ikaharibika, na maji yakipungua mabaki yake bado yanaonekana. Waliunda nyingine ya jina lilelile mwaka uliofuata, ambayo leo iko nchi kavu mjini Whitehorse kama makumbusho. Kilichowashinda wao ni upana wa meli kwenye mapindo makali na miamba iliyojificha. Wewe una mtumbwi wa chini ya mita moja upana, hivyo miamba mingi itakupisha. Kinachokuhusu ni miti.

Mto hula ukingo wa nje wa kila pindo. Misonobari iliyosimama juu ya ukingo huo inaanguka, mizizi ingali imeshika ardhi, shina limelala juu ya maji au chini kidogo ya uso wake. Maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti. Ni chujio. Na mkondo, kwa tabia yake, unakupeleka huko huko nje ya pindo. Kwa hiyo:

Kabla pindo halijaanza, ukiwa bado unaona maji yaliyonyooka, kuwa tayari upande wa ndani. Usisubiri uone mti. Usikae ndani kabisa pia, maana huko kuna fungu la changarawe na utapwelewa. Chagua theluthi ya ndani ya upana wa mto, pale maji ya kina yanapoanza.

Ukijikuta umechelewa na mkondo unakuvuta nje, usijaribu kuukimbia kwa kupiga mbele. Kwa kasi hiyo utafika kwenye mti mapema zaidi. Elekeza omo kule kwenye hatari, kwa mshazari, tezi ielekee juu ya mto na upande wa ndani, kisha piga kafi kinyumenyume kwa nguvu. Mkondo utausukuma ubavu wa mtumbwi na utakuvusha kuelekea upande wa tezi, huku ukiteremka polepole na ukiwa na nafasi ya kutazama. Mwanzoni akili inakataa kuuelekezea mti omo. Jizoeze kwenye maji yaliyonyooka asubuhi hiyo hiyo, mara tatu nne, ukijifanya gogo lililo mbali ni hatari, mpaka mikono iamini.

Utakutana pia na maji yanayofura kutoka chini kama sufuria inayochemka, yakiusukuma mtumbwi pembeni ghafla. Usikamate kingo za mtumbwi. Mikono yote iwe kwenye kafi, na kafi liwe ndani ya maji. Kafi lililo majini ni kama fimbo ya mzee, linakuegemeza.

Tazama mbele kadiri jicho linavyofika, kisha karibu, kisha mbele tena. Hutaweza kutazama mbele kila dakika, kwa sababu tai wenye vichwa vyeupe wanakaa juu ya misonobari na kando kuna majabali ya mchanga yaliyobomoka kama kuta za ngome. Ukitaka kutazama, tia nanga ya macho: tafuta mahali pa kushuka, ushuke, utazame kwa raha. Kupiga picha mtumbwi ukienda ni kuuachia mto usukani.

Saa tano: kushuka kupumzika

Kushuka ndiko kunakotenganisha watu na mitumbwi yao kuliko kupinduka. Nilikipata kisa changu mwaka wa pili, kwenye kambi moja ya zamani ya kuni. Meli za mvuke zilikula kuni nyingi, na wakataji walikaa kando ya mto mzima. Bado unaona vibanda vilivyoanguka. Nikaona kibanda, nikapandisha omo juu ya changarawe, nikasema ni dakika mbili tu. Nilipogeuka, mtumbwi ulikuwa umeshajinasua, unateremka taratibu kama una safari zake. Nikakimbia ukingoni, nikakwaruzwa na vichaka, nikaingia majini hadi kifuani. Niliupata kwa sababu fungu la changarawe liliuzuia mita mia mbili chini. Fungu lile lisingekuwapo, ningebaki na nguo zilizolowa na kisu. Nilikaa pale nusu saa bila kuweza kusimama, na hatua zifuatazo zimetoka hapo.

Chagua mahali mapema, angalau mita 100 juu yake. Tafuta palipo na maji ya kurudi: nyuma ya rasi ndogo au jiwe kubwa, maji yanapogeuka na kutulia. Ukikaribia, geuza omo itazame juu ya mto, na uendelee kupiga kafi kana kwamba unapanda. Mkondo utakuteremsha polepole huku ukijisogeza ukingoni kwa mshazari. Ukifika utakuwa umesimama karibu kabisa. Anayeingia ukingoni omo ikitazama chini anagongwa tezini na mkondo, mtumbwi unageuka, na yeye yuko mguu mmoja nje.

Kabla mguu haujagusa nchi, kamba iwe mkononi. Shuka nayo. Funga kwanza, kisha ndipo upandishe mtumbwi, kisha funga ncha ya pili. Fungia mti ulio hai au jiwe zito kuliko wewe, si kichaka. Na ufanye hivyo hata kama unashuka kuokota kofia.

Kula, kunywa chai, nyosha magoti. Ongea kwa sauti au uimbe unapoingia vichakani, ili dubu asikie mapema. Wapo weusi na wapo wa kahawia, na wengi watajiondokea wakisikia mtu. Kinachowaudhi ni kushtukizwa.

Ukitumbukia

Soma sehemu hii kabla ya safari, si baadaye. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetumia miaka mingi kuchunguza miili ya watu katika maji baridi, ameeneza hesabu rahisi kukumbuka: moja, kumi, moja. Una dakika moja ya kutawala pumzi, kwa sababu baridi inakufanya uheme ovyo na ukifungua kinywa vibaya unameza maji. Una dakika kumi hivi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Na una kama saa moja kabla baridi haijakupotezea fahamu. Ukiwa na jaketi okozi, dakika ya kwanza haikuui. Bila hilo, hesabu inaishia pale.

Shika mtumbwi au kamba yake mara moja, na ukae upande wa juu ya mto, usije ukabanwa kati ya mtumbwi uliojaa maji na jiwe. Lala chali, miguu juu ya maji ikitangulia, usijaribu kusimama kwenye maji yaendayo kasi, maana mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo unakulaza. Pumua. Kisha, ukiwa na ncha ya kamba mkononi, ogelea kwa mshazari kuelekea ukingo wa ndani wa pindo, si ukingo ulio karibu kama ni wa nje.

Ukiona chujio la miti mbele na huwezi kulikwepa, hapo ndipo ninapokiacha kila nilichosema: uache mtumbwi. Geuka kifudifudi, ogelea kuelekea kwenye gogo kwa nguvu zote, na ukilifikia jitupe juu yake, upande kama unayepanda mnazi. Usilisubiri likupige kifuani. Ukishakuwa nchi kavu, washa moto kwanza, vua vilivyolowa, na ujumbe wa setilaiti utume ukiwa karibu na moto.

Alasiri: kufika Hootalinqua

Hapa pana kosa dogo lenye gharama kubwa. Mto Teslin unaingia kutoka kulia, maji yake yakiwa na rangi ya udongo, na kwa muda unaona mito miwili ikienda ubavu kwa ubavu katika njia moja, wa kijani na wa kahawia. Ni pazuri mno, na anayebaki anashangaa katikati anapitishwa kambi. Hootalinqua iko ukingo wa kushoto, mara tu baada ya makutano. Kwa hiyo kilomita mbili za mwisho zishike kushoto, na maji ya kahawia yakionekana, uwe tayari umegeuza omo kupanda.

Ukishusha pumzi na jua bado liko juu, kuna kisiwa kidogo, mto ukiteremka kutoka kambini, kilichokuwa karakana ya meli. Meli iitwayo Evelyn imekaa pale juu ya magogo yake kati ya miti tangu miaka zaidi ya mia moja iliyopita, mbao zikimomonyoka. Mimi humwendea kesho yake asubuhi ninapoondoka, kwa sababu kurudi juu kutoka kisiwani mkondo ukiwa hivi, peke yako na mwili umechoka, si kazi ya jioni.

Jiko liwe mita 100 kutoka hemani, na pipa la chakula, dawa ya meno na sabuni vilale huko huko jikoni, siyo kwako. Tumia mahali palipokwishawashwa moto, na kama kuna tangazo la kukataza moto, tumia jiko la gesi. Osha vyombo mbali na ukingo. Mbu watakuja, fukiza kidogo, vaa mikono mirefu.

Kisha rudi kwenye mtumbwi kabla hujaingia kulala. Utoe wote majini, uuvute hadi mahali ambapo mto ukipanda nusu mita usiku hautaufikia. Ugeuze kifudifudi, makafi yote mawili chini yake. Funga kamba ya omo kwenye mti mmoja na ya tezi kwenye mti mwingine. Weka jiwe mpakani mwa maji. Vuta kila kamba kwa uzito wako wote, ndipo umtumie ujumbe uliyemwachia ratiba: nimefika, chombo kimefungwa.